Punda wa Mefiboshethi na barua ya daktari

Habari ya Mefiboshethi inahubiriwa sana makanisani, na karibu kila mara mahubiri huishia sura ya 9 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Mjukuu huyu wa Mfalme Sauli, mwana wa Yonathani, aliangushwa na yaya wake akiwa na umri wa miaka mitano walipokuwa wakikimbia, akalemaa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Miaka ikapita. Daudi akamtafuta kwa ajili ya urafiki wake na Yonathani, akampata Lodebari nyumbani kwa Makiri, akamrudishia mashamba ya babu yake na kumpa nafasi ya kudumu kwenye meza ya kifalme. Hapo waumini husema amina, sadaka hukusanywa, watu huenda nyumbani.

Lakini habari yenyewe haikuishia mezani. Fungua sura ya 16. Absalomu ameasi, Daudi anakimbia Yerusalemu kwa miguu. Njiani anakutana na Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, akiwa na punda waliotandikwa, mikate, matunda na divai. Mfalme anamuulizia bwana wake, naye Siba anajibu kwamba amebaki mjini akitarajia kurudishiwa ufalme wa ukoo wake. Daudi anampa Siba mali yote ya Mefiboshethi pale pale barabarani. Hakumwita mhusika. Hakuuliza shahidi wa pili. Ni mpaka sura ya 19, vita vimekwisha, ndipo tunausikia upande mwingine: Mefiboshethi alitaka atandikiwe punda amfuate mfalme kwa kuwa hawezi kutembea, mtumishi akamdanganya na kumwacha.

Ndugu msomaji, Jumapili hii naomba tumtafakari huyo punda. Kwa mtu mwenye miguu mizima, punda ni urahisi wa safari. Kwa Mefiboshethi, punda ndiye alikuwa miguu. Alipomkosa hakufika, na kutofika kwake kukahesabiwa kuwa ni usaliti.

Nimelileta jambo hili kwa sababu ya vijana wetu wa Kigoma wanaokwenda vyuo vikuu wakiwa na ulemavu. Tuchukue mfano wa binti mwenye ualbino kutoka Kagunga, kule kaskazini mpakani na Burundi, au kijana wa Kalya, mwambao wa kusini, ambaye masikio yake hayasikii vizuri. Wamefaulu kidato cha sita. Kijijini kila mtu anaijua hali yao, na hakuna aliyewahi kuwadai karatasi. Sekondari mwalimu aliwakalisha mbele, rafiki akawasomea kilichoandikwa ubaoni. Ulipofika mtihani wa taifa, mkuu wa shule ndiye aliyewasilisha taarifa kwa Baraza la Mitihani. Kwa utaratibu ambao Baraza limekuwa likiutangaza, mtahiniwa mwenye uoni hafifu huletewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa, asiyeona huletewa ya nukta nundu, na muda huongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuandika.

Chuoni hakuna mkuu wa shule wa kumsemea. Ukumbi wa mihadhara una watu mia kadhaa, mhadhiri anarusha maandishi ukutani kwa projekta na kupita haraka. Faili la sekondari halikumfuata. Mwanafunzi asiposema mwenyewe hakuna anayejua, na akisema mikono mitupu ataambiwa, kwa upole kabisa, alete uthibitisho. Wengi hapo hunyamaza. Ndipo yanapomkuta yale ya Mefiboshethi. Hakunakili notisi, basi ni mvivu. Hakumaliza swali la mwisho, basi hakusoma. Hakujibu alipoulizwa, basi ana kiburi. Anapata sapu, anarudia, mwisho anadisko, na habari inayofika mwaloni Kibirizi ni kwamba mtoto wa fulani chuo kilimshinda.

Sheria ya nchi haikumwacha mtu huyu bila punda. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayotambua haki ya elimu kwa msingi wa usawa. Mkataba ule unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyoleta mzigo usiobebeka kwa anayeyatoa, ni ubaguzi. Kwa hiyo maandishi makubwa, muda wa nyongeza, mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha chini bwenini au ruhusa ya kurekodi mhadhara si upendeleo wala huruma. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina vitengo vinavyoshughulikia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na mahali pasipo na kitengo yupo mlezi wa wanafunzi. Ofisi zote hizo huanzia mahali pamoja: karatasi.

Na kwenye karatasi kikwazo cha kwanza si fedha. Ni sisi wa makanisani.

Yapo mafundisho yanayozunguka kwenye mikutano yetu kwamba aliyeombewa akienda hospitali kuandikiwa kuwa haoni vizuri, ameukana uponyaji wake. Wapo vijana waliovua miwani mbele ya madhabahu wakashangiliwa, na Jumatatu wakarudi darasani ubao ukiwa ukungu ule ule. Kijana aliyekulia katika mafundisho hayo, unapomwambia achukue barua ya daktari, anasikia kama unamtaka atie saini dhidi ya imani yake.

Tusome Marko 1:40–45. Yesu amemgusa mwenye ukoma na mtu yule ametakasika mara moja. Ni nani angehitaji karatasi kuliko huyu asivyoihitaji, aliyeponywa na Mwana wa Mungu mwenyewe? Hata hivyo Yesu alimwagiza aende kwa kuhani akakaguliwe na kutoa kile Musa alichoamuru. Kwa Sheria ya Walawi 13 na 14, kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuitazama ngozi, kusubiri siku saba, kuitazama tena na kutamka. Bila tamko lake mtu angeweza kuwa mzima kabisa na bado akaendelea kukaa nje, mbali na soko, mbali na ibada, mbali na mke na watoto. Watu wa mji hawakuwepo alipoguswa. Walihitaji neno la aliyepewa kazi ya kukagua, na Bwana wetu hakuona aibu kumtuma huko.

Tena kuhani yule alitamka kwa pande zote mbili, kwa aliyepona na kwa ambaye bado. Kazi yake ilikuwa kusema kilicho kweli siku ile. Barua ya daktari nayo ni hivyo. Haisemi Mungu hataponya. Inasema leo, tarehe hii, jicho hili linasoma hapa na haliwezi pale. Siku Bwana akitenda, atarudi hospitali kama mkoma yule alivyokwenda kwa kuhani, na daktari ataandika barua nyingine kwa furaha.

Kikwazo cha pili ni kigumu zaidi, nami sitakichezea. Wazazi wa Kigoma wana sababu ya kuogopa majina ya watoto wao kuandikwa. Hatujasahau miaka ya 2007 hadi 2009, wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lilipoitikisa Kanda ya Ziwa na mikoa yetu ya magharibi, hadi watoto wakakusanywa na kuhifadhiwa katika Shule ya Msingi Kabanga Mazoezi kule Kasulu. Mzazi aliyemficha mtoto wake ndani miaka ile hakuwa mjinga. Leo ukimwambia ampeleke akaandikishwe ofisini kuwa ana ualbino, moyo wake unarudi kule.

Injili ya Yohana sura ya 9 inawajua wazazi wa namna hii. Mtu aliyezaliwa kipofu amefunguliwa macho, na wakubwa wanafanya uchunguzi hasa: wanamhoji yeye, kisha wanawaita wazazi. Wazazi wanathibitisha mawili, kwamba ni mtoto wao na kwamba alizaliwa hivyo. Zaidi ya hapo wanasema aulizwe mwenyewe kwani ni mtu mzima. Yohana anaeleza kwamba walisema hivyo kwa hofu ya kutengwa na sinagogi. Sisi wahubiri huwalaumu. Mimi naona kwamba hata katika hofu yao walitoa kile ambacho wao tu wangeweza kukitoa: ushahidi wa tangu kuzaliwa. Chuo kinapouliza hali hii ilianza lini, mama ndiye anayejua. Kadi ya kliniki anayo yeye. Mengine kijana atajisemea, kama alivyojisemea yule wa Yohana 9, tena kwa ujasiri uliowashangaza waliosoma.

Kuhusu usalama, taarifa za afya za mtu si tangazo. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na barua ya daktari ni ya ofisi husika tu. Mhadhiri anapaswa kujua kwamba mwanafunzi huyu anaongezewa muda. Si lazima ajue kwamba ana kifafa. Na hapa niseme kidogo na wachungaji wenzangu: kijana akikuletea siri hii, usiipandishe madhabahuni kuwa ombi la maombi kwa jina lake.

Sasa tuingie kwenye karatasi zenyewe, maana ziko mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikimtaka mwombaji mwenye ulemavu aambatishe uthibitisho uliosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kazi ya karatasi hiyo ni kuthibitisha kwamba ulemavu upo. Palipo na fedha hapakosi akina Siba, kwa hiyo kuhakikiwa si kutukanwa; kunamlinda mkweli asichukuliwe nafasi yake.

Ya pili ni ya chuo, na swali lake ni jingine: ufanyiwe nini ili usome kama wenzako? Hapa ndipo barua nyingi zinapofeli. Imeandikwa mstari mmoja, kwamba mtajwa ana ulemavu wa macho, muhuri, basi. Afisa wa chuo akiisoma hajui aagize nini. Ualbino, kwa mfano, si ngozi tu. Sehemu ya nyuma ya jicho inayotoa uoni mkali haikukua kikamilifu, mara nyingi macho hucheza, na mwanga mkali huumiza. Miwani husaidia lakini haimfikishi mtu kwenye uoni wa kawaida. Barua nzuri itaeleza hayo kwa vipimo. Ikiandikwa 6/60 maana yake akiwa mita 6 anasoma kile ambacho wengine wanakisoma wakiwa mita 60. Kisha ieleze matokeo yake: hasomi ubao hata akikaa mbele, anasoma maandishi makubwa akiyasogeza karibu, anachoka mapema, jua la mchana linamdhuru. Mwisho ipendekeze: maandishi yaliyokuzwa, nakala ya mhadhara kabla ya kipindi, muda wa nyongeza kwenye mtihani, kiti kisichoelekea dirisha.

Mwombe daktari aandike pia kama hali ni ya kudumu au inabadilika, na aweke tarehe, jina lake, cheo, saini na muhuri wa hospitali. Majina yako yafanane na yale ya cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Kijana anayeitwa Yohana kanisani na John kwenye cheti anajua ninachosema. Na ikiwa shule yako iliwahi kupeleka taarifa zako Baraza la Mitihani, rudi kwa mkuu wa shule umwombe barua inayosema hivyo. Ni ushahidi kwamba chombo cha taifa kilishakukubali kabla ya chuo.

Wenye ulemavu usioonekana wana mtihani mkubwa zaidi. Matangazo ya Jeshi la Kujenga Taifa ya miaka ya karibuni yamekuwa yakiwaelekeza wahitimu wa kidato cha sita wenye ulemavu wa kuonekana kuripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, yenye miundombinu ya kuwahudumia. Ni utaratibu mwema. Lakini siko seli haionekani, kifafa hakionekani mpaka kianguke, usikivu hafifu hauonekani, na mwanafunzi ambaye herufi zinamchanganya tangu darasa la pili anaonekana mzima kuliko sote. Hawa bila barua hawana kitu. Sensa ya mwaka 2022 haikuwatazama watu kwa macho tu. Iliwauliza ugumu walio nao katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Kwa hesabu hiyo, asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi walionekana kuwa na ulemavu. Hesabu waumini waliokaa kwenye benchi lako asubuhi ya leo.

Nyaraka za kujiunga na vyuo vyetu huja na fomu ya uchunguzi wa afya. Wengi huipeleka zahanati siku mbili kabla ya safari ikagongwe muhuri. Ndugu, fomu hiyo ndiyo nafasi ya kwanza kabisa ya kusema ukweli. Anayejiandika mzima wa kila kitu, kisha akaja mwezi wa tatu kuomba muda wa nyongeza, amejipinga mwenyewe kwa saini yake.

Huku kwetu kuna ugumu wa ziada, nao ni ziwa. Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na hilo, dagaa na migebuka wanahitaji sabato yao. Ila itazame kalenda. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, na maombi ya vyuo na mikopo hufanyika katikati ya mwaka. Ziwa likifungwa miezi hiyo, ndiyo miezi ambayo mama anayeanika dagaa Katonga hana senti, naye ndiye anayetakiwa kutoa nauli ya boti, ada ya kumwona daktari na chakula cha siku mbili mjini. Kwa familia ya Kalya, kwenda Maweni na kurudi si safari ya asubuhi na jioni.

Hapo ndipo kanisa linapotakiwa kumtandika punda. Mkoa huu una hospitali zilizojengwa na makanisa: Kabanga ya Wakatoliki, Heri ya Waadventista Wasabato, ya Wabaptisti pale mjini. Tuna madaktari na wauguzi wanaoimba kwaya. Harambee ya kununua vipaza sauti tunaiweza. Basi mwezi Juni, wakati wa matangazo, wazee wa kanisa waulize ni vijana wangapi wanakwenda chuo na nani kati yao ana hitaji, awaone faragha baada ya ibada. Mzee mmoja apige simu hospitali kujua siku za kliniki ya macho au ya masikio, asije mtu akavuka maji akute mlango umefungwa. Mwingine amsindikize. Pale Ujiji huenda msindikizaji mzuri kuliko wote akawa jirani anayeswali msikiti wa mtaa ule. Mpokeeni, Msamaria naye hakuwa wa sinagogi lao.

Na kijana ajue kwamba njia hii imepitiwa. Dkt. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alisoma sheria hadi shahada ya uzamivu, akafundisha Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa Naibu Waziri Desemba 2015, na baadaye akawa Balozi wetu nchini Ujerumani. Mhadhiri naye aliwahi kuwa mwanafunzi aliyekaa ukumbini akijaribu kusoma.

Neno kuhusu mwisho wa Mefiboshethi. Daudi alipoujua ukweli aliamua mashamba yagawanywe kati yake na Siba. Mefiboshethi akasema Siba achukue yote, kwake inatosha kwamba mfalme amerudi salama. Unyenyekevu huu hupendwa sana na wahubiri, na nimesikia ukitumiwa kumwambia mwenye ulemavu ashukuru kwa alichopata, asidai. Tusome kwa utaratibu. Aliyasema hayo baada ya kusimama mbele ya mfalme na kueleza, kwa kinywa chake, kwamba ni kiwete na kwamba alinyimwa punda. Mashamba aliyaachilia. Maelezo hakuyaachilia.

Kwa wanaokwenda chuo mwaka huu: barua ikipatikana, toa nakala tatu. Moja ipeleke kwa kitengo cha mahitaji maalumu au kwa mlezi wa wanafunzi wiki ya kwanza, kabla ya mtihani wowote, na omba wakupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako ya pili. Ya tatu iache nyumbani kwa mama, pamoja na kadi ya kliniki. Barua halisi usimwachie mtu. Ukisafiri nayo kwa boti itie ndani ya ndoo yenye mfuniko, maana wimbi la mchana likiamka huwa halichagui mzigo.